Barua kwa mwanangu: itazame mpaka mwisho kwanza

Neema mwanangu,

Nimeisoma ile karatasi uliyoiacha mezani, ya filamu utakayowaonyesha wenzako chuoni. Umepanga hoja vizuri, hakuna mwingine ukoo mzima anayeweza hivyo. Lakini maneno si yako. "Mwisho wake unajulikana tangu mwanzo" umeyaokota kwa watu. Get Over It umeitazama mpaka mwisho, au uliishia pale Berke anapoachwa?

Ni kweli, kwa juujuu filamu hii ya Tommy O'Haver ya 2001 inafanana na nyingine za wakati ule. Stelingi, huyo Berke, ameachwa na mpenzi wake Allison, anaingia kwenye mchezo wa kuigiza wa shule ili amrudishe, na Kelly, dada wa rafiki yake, anamsaidia kujiandaa. Atakayempata tunamjua mapema. Sasa angalia mchezo wanaouigiza. Ni wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream. Humo Lysander anatiwa machoni kwa makosa maji ya ua yenye uchawi wa mapenzi, anamwacha Hermia na kumkimbilia Helena. Baadaye dawa inaondolewa na anarudi kwa Hermia wake. Katika filamu Allison ndiye Hermia, Kelly ndiye Helena, na Berke anaishia kuwa Lysander. Akifuata maandishi, anarudi kwa Allison. Lakini anayageuza hapohapo jukwaani, watu wakitazama, na kumchagua Helena. Asiyeujua mchezo ataona busu tu. Ndiyo maana wengi waliipita, na ndiyo maana nakusumbua: usiseme mwisho unajulikana kama mwisho wenyewe hujauona.

Kabla ya kuwasha projekta, waeleze wenzako habari ya Lysander, Hermia na Helena kwa sentensi tatu, zisizidi. Anza kwa wakati. Filamu haifiki dakika 90, na mwanzoni tu Berke anatoka kwa Allison amebeba boksi la vitu vyake, nyuma yake mwimbaji Vitamin C na bendi wanaimba barabarani. Atakayechelewa hapo hataelewa kwa nini watu wanaimba bila sababu katika filamu nzima, na ndiye atakayekuandikia kwamba haieleweki.

Karatasi za maoni zigawe kabla ya mazungumzo. Ukimruhusu mmoja aseme kwanza, kumi watamfuata. Usiulize "umeipenda?" Uliza alicheka wapi, na wapi alitaka kutoka. Uliza pia kuhusu mwalimu Oates, anayeigizwa na Martin Short, kwa swali la peke yake, maana huyo huwagawa watu: kuna wanaoona amezidisha, na kuna wanaoona filamu ni yeye. Mimi niko na hao wa pili. Na watakaopiga kelele kwa kuwaona Mila Kunis na Zoe Saldana wakiwa wadogo, weka karatasi zao pembeni. Kufurahia sura unayoijua bado si maoni juu ya filamu. Hao wawili wana nafasi ndogo. Wanaoibeba hadithi ni Kirsten Dunst anayecheza Kelly, na Ben Foster anayecheza Berke.

Kama niliwahi kusema mbele yako kwamba filamu za mapenzi za vijana ni kupoteza muda, nilisema nikiwa nimetazama dakika kumi. Usinifuate hapo. Huko uendako utakaa na watu wanaosema kwa kujiamini vitu ambavyo hawajaviona, na wewe mdomo unao, nakuogopea. Itazame usiku wa leo. Tazama na majina ya mwishoni, Vitamin C anarudi kuimba, safari hii na mwimbaji Sisqó.

Unga kilo 5 uko kwenye mfuko wa bluu, dagaa nimeziweka juu yake, usizigeuze. Chukua waya mweupe wa ekstensheni. Ule mweusi wa baba yako unapiga shoti ukichomeka spika na projekta pamoja. Mtungi wa gesi umeisha tangu jana, tunapikia mkaa, kwa hiyo kesho chai itachelewa. Amka mapema, treni haisubiri. Na bibi yako anataka umpigie kabla hujapanda.

Mama yako