Kuku anachechemea? Mgeuze uangalie unyayo kabla hujanunua dawa

Kila masika yakishika hapa Malindi, kuanzia Aprili kwenda Mei na Juni, ombi linalokuja sana dukani ni lile lile: nipe ile dawa ya unga ya kutia kwa maji, kuku wangu anachechemea. Kazi yetu ni kuuza dawa kwa hivo mtu angedhani tutachukua pesa tunyamaze, lakini siku hizi hio paketi hatukupi mpaka tuuone mguu, wenyewe ama hata picha, manake mara nyingi shida iko chini ya unyayo na dawa ya maji haifiki huko. Kuna wanaokasirika wakaenda duka la pili. Ni haki yao. Lakini soma kwanza alafu uamue.

Uvimbe wa unyayo unaanza na kitu kidogo sana. Kuku anakanyaga mwiba, kigae cha chupa, kipande cha kombe, msumari uliochomoza kwa ubao, ama anaruka kutoka juu anatua kwenye simiti tupu ngozi inapondeka. Hapo ndo vijidudu vinapata pa kuingilia, hasa bakteria anayeitwa stafilokokasi, na huyu si mgeni, yuko kwa ngozi ya kuku, yuko bandani, yuko hata puani mwetu sisi binadamu, anangoja mlango tu. Matope na kinyesi kibichi vinalainisha ngozi ya unyayo kwa hivo wakati wa mvua huo mlango unafunguka upesi.

Alafu usaha wa kuku si kama wetu. Jipu la mtu likiiva ukilitumbua linatoka majimaji, lakini wa kuku unaganda unakuwa kiini kigumu cha njano kama ugali wa jana, na mwili unakizungushia ukuta. Sasa dawa uliyotia kwa maji inapita tumboni, inaingia kwa damu, na damu ndani ya kile kiini haiingii. Umemnywesha wiki nzima kiini kiko pale pale. Na kuna jambo watu hawaliangalii, kuku mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo kuliko wote sababu hata kuifikia ndoo ni kazi, wale wazima ndio wanaoimaliza dawa, na mayai yao yote ndo hayo unayowapa watoto asubuhi. Kila antibayotiki ina siku zake zimeandikwa kwa lebo ambazo mayai na nyama havifai kuliwa, na nyingine zimeandikwa waziwazi kwamba kuku wa mayai asipewe kabisa. Enrofloksasini, ambayo hapa watu wanaiulizia kwa jina kila siku, Marekani waliipiga marufuku kwa kuku tangu 2005 sababu ya bakteria kuizoea. Sisemi dawa hizi ni mbaya, nasema si za kutia tu ndooni kwa kubahatisha.

Basi mgeuze. Jioni akishapanda kulala ndo wakati mzuri, hana mbio. Mbane mbawa kwapani, akiwa na fujo mfunike kichwa na leso, alafu uoshe unyayo kwa maji na sabuni uione ngozi yenyewe manake matope yaliyokauka yanadanganya. Pakiwa pekundu panang'aa, ama ngozi imekuwa ngumu tu bila kidonda, umewahi, karibu kazi yote iliyobaki ni ya kurekebisha banda. Ukiona kigaga cheusi cha duara katikati ya unyayo na chini yake pamevimba pana joto, huo ndo ugonjwa wenyewe. Na uvimbe ukishapanda juu katikati ya vidole mpaka kifundoni, kuku amelala tu hataki kusimama, hapo umefika kwenye mishipa na mfupa, usihangaike nyumbani, tafuta daktari. Angalia miguu yote miwili tafadhali, manake ukiuma mmoja anauegemea mwingine nao unaharibika.

Wala si kila anayechechemea ana jipu. Mjini hapa kuna balaa jingine kabisa, nyuzi. Rasta zinazotupwa nje ya saluni, mishipi ya nailoni ya wavuvi, nyuzi za magunia, kuku anachakura chakura huko jalalani inamzunguka kidole inakaza, kidole kinavimba, kinakuwa cheusi, mwisho kinakatika chenyewe. Dawa yake ni mkasi mdogo na macho mazuri, na uhakikishe uzi wote umetoka, ule uliozama ndani ya ngozi pia. Ukiona magamba ya mguu yameinuka yamekuwa mazito meupe meupe, hao ni utitiri wanaoishi chini ya magamba, loweka mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu na mswaki mkuukuu alafu paka mafuta ya nazi ama vaselini mguu mzima wakose hewa, rudia kila wiki mpaka magamba mapya yatoke, na uwapake wote wa bandani si mmoja. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari hapana, najua wazee wetu walitumia, inaunguza ngozi. Na kuku mchanga wa miezi miwili mitatu hivi ambaye mguu mmoja umenyooka mbele mwingine nyuma na nyayo zake ni safi, huyo inawezekana ni Marek, ni virusi, haitibiki, chanjo yake anapigwa kifaranga siku anapoanguliwa kwa hivo uliza kabla hujanunua vifaranga.

Turudi kwa kigaga cheusi. Vaa glavu kwanza, huyo stafilokokasi akipata mkwaruzo kwa mkono wako anakupa jipu na wewe. Weka maji ya vuguvugu kwa beseni, tia chumvi ya Epsom vijiko viwili vya mezani kwa kila lita, kama huna hata chumvi ya jikoni inasaidia, msimamishe humo dakika kumi na tano hivi, wengi wanatulia kabisa wengine wanasinzia. Futa ukaushe, paka iodini. Kigaga kikilainika kikaachia chenyewe vizuri, safisha pale chini na iodini, kiini kikitoka bila kulazimishwa kitoe. Kisipoachia kiache, kesho loweka tena.

Hapa ndo nataka niseme kwa sauti: wembe wacha. Kuna video nyingi mtandaoni mtu anachimba unyayo wa kuku mezani kwake na wateja wanakuja wameshaiona, wanataka tuwauzie wembe na spiriti. Pale chini kuna mishipa ya vidole na damu nyingi, na kuku anasikia uchungu kama wewe tu hata kama hapigi kelele. Ile kazi ya kukata kutoa kiini kilichoshika inafanywa na daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi, na ndiye atakayeamua kama sindano ya antibayotiki inahitajika na ni ipi.

Ukishasafisha, tia kipande cha gozi chenye iodini, ama asali mbichi ya nyuki wa kweli, ile ya msitu wa Arabuko-Sokoke ikiwa ni halisi inafaa sana, alafu zungusha bandeji ukiipitisha katikati ya vidole. Usikaze, vidole vikiwa baridi ama vimevimba baada ya muda umekaza mno. Badilisha kila siku ama siku moja uruke moja, na ikilowa badilisha hapo hapo usingoje kesho. Ile dawa ya kutoa povu, haidrojeni peroksaidi, usiitumie kila siku inaua nyama mpya inayojaribu kuota. Wakati huo wote mweke peke yake kwenye boksi kavu, magazeti chini ama maranda, chakula na maji karibu. Wiki ikiisha kama hakuna nafuu mlete. Na akifika kuchinjwa, mguu wenye usaha usiingie kwa supu, na kuku aliyedhoofika mwili mzima asiliwe kabisa.

Sasa banda, ambalo ndo chanzo na ndo mahali watu hawataki kutia pesa. Mtu atatoa hela ya dawa mara nne kwa mwaka lakini kumwita fundi atoe misumari ni vita.

Fito za kulalia kuku kwanza. Watu wanaweka mabaki yoyote, ubao wenye kona kali, bomba, fito nyembamba kabisa kuku anaining'inia usiku kucha uzito wote umekaa mahali pamoja pa unyayo. Unataka kitu cha duara laini kipenyo kama sentimita tano, kwa lugha ya wauza miti ni pau dogo, fito ni nyembamba na boriti ni nene mno. Si lazima mkoko, mvinje uko tele kwa wakulima huku kwetu na ni rahisi, ambua magome, vifundo vikate, piga msasa. Urefu kutoka chini usizidi goti la mtu mzima kama kuku wako ni wazito. Kuku mdogo wa kienyeji anayelala juu ya mwembe anashuka kwa mbawa hana neno, lakini hawa kienyeji walioboreshwa na wale kuchi, ambao wenzetu wa Lamu wanawapenda kama nini na wako sahihi, jogoo wa kilo tatu na zaidi akijirusha kutoka mita moja na nusu kila asubuhi kwenye simiti, huo unyayo una muda gani? Muwekee ubao wa kupandia na kushukia.

Chini pawe pakavu. Maranda ya seremala, ama makumbi yaliyochambuliwa vizuri yakakauka, kiasi cha vidole vinne hivi. Chota mkononi ukamue, yakishikana bonge yamelowa, yatoe. Mahali panapolowa zaidi ni pale kwa chombo cha maji, kiinue juu ya matofali mawili na ile sehemu uibadilishe mara nyingi kuliko kwingine. Ukiingia bandani macho yakawasha kwa harufu ushachelewa. Wengi mabanda yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na vipande vinabaki chini, vinakata vibaya sana, fagia uokote, na mchanga wa ufuoni nao uchunge kabla ya kuumwaga kwa sababu ya makombe. Makuti yanayovuja rekebisha kabla ya Aprili, si Mei.

Chakula kifupi tu: kuku anayekula mahindi meupe peke yake anakosa vitamini A na ngozi yake inakuwa dhaifu. Mchicha, papai bivu, mahindi ya njano ukipata. Na aliyenenepa kupita kiasi mpunguzie.

Kuangalia mguu dukani kwetu ni bure, hata kama hununui kitu. Mlete kwa kikapu ama boksi lenye matundu, usimning'inize kichwa chini kwa bodaboda, ukishindwa kumleta tuma picha ya unyayo uliooshwa, mchana, na nyingine ya banda lako ikionyesha anapolala, hio ya pili watu wanaisahau na ndo inayotuambia mengi. Kuosha na kufunga bandeji mara ya kwanza tunafanya hapa hapa tukikuonyesha ili zinazofuata ufanye mwenyewe, unalipia vifaa tu. Wa kupasuliwa tunakuunganisha na daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, mtaelewana naye bei. Ijumaa tunafunga wakati wa swala, tunafungua tena saa nane.