Barua kwa Zuhura kuhusu serotonini na joto la panya

Dar es Salaam

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Natumaini baridi ya Lushoto haijakuzidi na watoto hawajambo. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila joto la mwezi huu ni la kubadili nguo mara mbili kwa siku.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema wanafunzi wako wawili wa kidato cha sita wamebishana darasani: mmoja kasoma kwamba serotonini, ile kemikali ambayo neva hutumia kupelekeana ujumbe, inapandisha joto la mwili, mwenzake kasoma kwamba inashusha, na wewe ukawaambia utaniuliza mimi. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu neno moja tu, inashusha. Sasa siwezi tena, na nataka ujue kwa nini.

Hapa maabara tunatumia dawa inayoiga serotonini kwenye aina moja ya vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Kazi yenyewe ni hii. Namtoa panya mmoja kizimbani, yule mdogo mweupe mwenye macho mekundu, namshika ngozi ya shingo, naingiza kwenye njia ya haja kubwa kipimajoto chembamba kama njiti nilichokipaka mafuta ya mgando, kisha nasubiri namba zitulie. Nyuzi 37. Nampiga sindano. Baada ya dakika 20 nampima tena: amekwenda chini ya 35. Unamwona kabisa amelala bapa, tumbo limegusa maranda, miguu ya nyuma ameitandaza. Siku hadi siku ilikuwa hivyo.

Alhamisi moja umeme ukakatika, kiyoyozi kikazima. Kufika saa sita mchana chumba cha wanyama kilikuwa kimefika nyuzi 30. Nikaendelea na kazi, maana panya walikuwa tayari. Dawa ileile, dozi ileile, mkono uleule. Panya wakalala bapa kama kawaida, lakini joto lao likashuka kidogo mno. Nikadhani dawa imeharibika, nikachanganya mpya. Mambo yakawa yaleyale.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba chumba chetu cha nyuzi 22, ambacho kwangu mimi ni raha tupu, kwa panya ni baridi. Mwili mdogo namna ile hupoteza joto upesi, na panya hustarehe kwenye nyuzi karibu 30. Kwenye 22 lazima awashe moto muda wote. Ana mafuta ya kahawia katikati ya mabega, na neva zinazofika pale humwaga noradrenalini, kemikali nyingine ya ujumbe, kisha mafuta yanachomwa ili yatoe joto tu, si nguvu ya kukimbilia wala kuchimbia. Amri inatoka ubongoni. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, kwa upande wake wa mbele hupima hali, na pasipo baridi huzituliza neva za chini kwa kemikali iitwayo GABA. Baridi ikiingia, breki hiyo inaachiwa na moto unawaka. Dawa yetu inakwenda kuuzima moto huo. Kwenye nyuzi 22 joto linaporomoka. Alhamisi ile hapakuwa na moto wa kuzima.

Niligusa mikia yao, Zuhura. Mkia wa panya hauna manyoya ya maana, na ndani yake mishipa ya damu inafunguka akitaka kutoa joto, inafunga akitaka kulitunza. Siku zote nikiushika huwa baridi kama kijiko. Mchana ule ulikuwa na uvuguvugu wa kidole cha mtu. Jibu lilikuwa mkononi mwangu kabla sijachanganya dawa ya pili.

Na si chumba peke yake. Mwaka 1963 watafiti Feldberg na Myers, kule London, waliingiza kemikali hizi moja kwa moja kwenye ubongo wa paka. Serotonini ikapandisha joto, noradrenalini ikashusha. Wengine walipomjaribu sungura, noradrenalini ikapandisha. Basi huyo mwanafunzi wako aliyesoma "inapandisha" huenda alikuwa anasoma habari za paka bila kuambiwa. Mwambie hakukosea kusoma.

Kuna jingine la zamani zaidi ambalo linanihuzunisha kila nikilikumbuka. Mwaka 1940 watafiti Gunn na Gurd walionyesha kwamba dozi ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, ambayo panya akiwa peke yake anaihimili, inawaua panya waliorundikwa pamoja. Dawa ile humwaga noradrenalini na mwenzake dopamini, mwili unachemka, na wakibanana joto halina pa kutokea. Tangu niyajue hayo nahesabu panya wa kila kizimba na kuandika idadi yao daftarini kabla ya kitu kingine.

Lile jaribio la Bologna, Italia, mwaka 2013, wasimulie darasa zima, litawaamsha. Watafiti walituliza neva za sehemu ndogo ya shina la ubongo, rafe palidasi, kwa dawa inayoiga GABA, panya wakiwa kwenye chumba cha baridi. Panya si mnyama wa kulala usingizi mrefu wa majira ya baridi kama walivyo baadhi ya wanyama wa Ulaya, lakini joto la ubongo wao lilishuka hadi kama nyuzi 23. Dawa ilipositishwa wakarudi hali yao ya kawaida. Mimi niliposoma nilisimama, nikatembea mpaka dirishani.

Kwa hiyo wajibu hivi: wakikutana na habari yoyote ya namna hii, watafute kwanza ni mnyama gani, na chumba kilikuwa nyuzi ngapi. Pia alishikwaje, kwa sababu kumshika tu panya kwa hofu kunampandisha joto hata bila dawa. Mimi huwazoesha mkono wangu siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza.

Jumatatu naanza upya, nusu ya panya kwenye nyuzi 22 na nusu kwenye 30. Msimamizi amekubali, na fundi amenitafutia hita ndogo. Matokeo nitakuletea mwenyewe nikipanda huko Desemba. Niwekee mapeasi.

Wako,
Rehema