Mama Doto, nahitaji sauti yako

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Mama Doto mpendwa,

Mwangaluka! Hata kama unasoma usiku, itikia tu. Sisi wazima. Mama kaacha kulalamikia magoti, sasa analalamikia bei ya sukari. Mpangaji wenu wa Buhongwa bado yupo, nimempitia. Habari ya wewe kunyamaza tangu msiba wa Mzee Lugata tutagombana siku nyingine, maana leo mwenye shida ni mimi.

Nahitaji sauti yako. Sikutanii.

Lile shirika nililokusimulia limenipa kazi ya kuipitia kozi ya mtandaoni ya kina mama wanaoanika na kuuza dagaa kule Igombe na Kayenze. Wameitengeneza vijana wa Dar, wapole, wana bidii. Nimeifungua: “Karibu Moduli ya Kwanza.” Malengo ya somo. Kisha video ya bwana mwenye tai anayesoma yale yale yaliyoandikwa pembeni yake. Kisha jaribio, na ukikosa unarudishwa mwanzo. Mwanamke aliyesomesha wanawe kwa dagaa anarudishwa mwanzo kama mtoto wa darasa la tatu! Halafu video yenyewe inakula bando lote, na wengi wa hao kina mama wana kitochi; simu janja wanaazima kwa kijana wa nyumbani, akiwa na moyo.

Masalu ananiambia ndivyo dunia inavyokwenda. Dunia ipi? Huko nje wameshashtuka. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya Stanford ilifunguliwa bure mtandaoni, wakajiandikisha watu zaidi ya 150,000, waliofika mwisho 20,000 na kitu. Wanaotengeneza kozi za watu wazima wamekuwa wakipunguza: somo la saa nzima limekuwa la dakika chache, mtihani umegeuka kazi unayoifanya hapo hapo ulipo, na kuna mtu wa kukuuliza mbona umepotea. Mtu mzima akiacha kozi si mvivu, aghalabu mtoto ameugua.

Kinachoniuma ni kwamba haya yalishafanyika hapa hapa kwetu. Ule mradi wa kisomo wa UNESCO ulioanza 1968, makao yake Mwanza, ulikuwa na vitabu vya pamba kwa mkulima wa pamba, vya uvuvi kwa mvuvi, vya migomba kwa watu wa Kagera. Mtu alijifunza kusoma kwa kazi yake mwenyewe. Halafu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: redio, kijitabu, kikundi chini ya mti, wanasikiliza, wanabishana, kisha wanakwenda kuchimba choo. Walishiriki watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili. Toa redio uweke grupu la WhatsApp, tofauti iko wapi? (Ipo. Redio haikumaliza bando.)

Sasa sikia kilichonikosesha usingizi. Ratiba yao inatoa somo jipya kila Jumatatu. Wewe umekulia mwaloni, niambie: wakati wa giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, mama yuko kwenye chanja anaanika mpaka jua linazama, moduli ataifungua saa ngapi? Mbalamwezi ikikolea ndipo taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na watu wanapata muda wa kusuka, kuozesha na kusutana. Somo liingie hapo. Nikawaandikia kozi ifuate mwezi. Wamenijibu mfumo haukubali, unajua wiki tu. Mfumo!

Basi nimeomba nijaribu kwa njia yangu. Ujumbe wa sauti, mfupi, unaoanza na swali: mbona dagaa wa mchangani wanaishia kwa wauza chakula cha kuku, na wa kwenye chanja wanapata bei ya kuliwa na watu? Kina mama wajibu kwanza, kwa sauti zao, wabishane. Maelezo yaje baadaye, na yawe machache. Wenye kitochi wasikilizie kwa jirani, kikundi kikundi. Ndiyo maana nakutaka wewe. Yule wa tai anasema “samaki wadogo aina ya dagaa.” Ukisema wewe, watajua umewahi kuchomwa na jua pale ufukweni. Tena wewe ukiuliza swali, mtu hawezi kukaa kimya, hata mumeo anajua.

Malipo ni madogo, nisikudanganye, na yatachelewa.

Je, utakubali? Simu yako inarekodi vizuri, au bado ina ule mkoromo? Shangazi yako wa Kayenze bado anaanika, na anaweza kuyasikiliza maswali kabla hatujayatuma? Au unaona nimechachamaa bure, hiyo kozi niiache ilivyo nichukue changu? Na Doto, wamempangia shule gani? Musoma kunanyesha?

Nijibu kabla ya Alhamisi, nina kikao nao na sitaki kuingia mikono mitupu. Sufuria langu kubwa pia naliulizia.

Wako,
Kabula