Kabla ya kumlipa mtawala wa jadi, tutenge mali yake na mali ya umma

Mhariri,

Hivi karibuni msomaji mwenzangu kutoka Kisumu alipendekeza katika ukurasa huu kwamba kaunti za magharibi ya Kenya zitenge fedha za kuwalipa watawala wa jadi marupurupu ya kila mwezi na kuzirudishia koo zao ardhi. Mfano aliouleta ni wa Ujerumani ya zamani, ambako, kwa maoni yake, watawala wa nchi ndogondogo waliwalea raia wao kama baba anavyowalea wanawe. Pendekezo lenyewe linastahili mjadala, na mimi, nikiwa mkazi wa Mumias, siwezi kulibeza. Tatizo langu ni huo mfano, kwa sababu ukichunguzwa kwa makini unatoa ushauri tofauti kabisa na ule aliotupa yeye.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Ujerumani ilikuwa dola moja chini ya Kaiser mmoja. Ukweli ni kwamba dola iliyoundwa mwaka 1871 ilikuwa muungano wa nchi 25, na 22 kati ya hizo zilikuwa na mfalme au mtawala wake wa kurithi, huku Hamburg, Bremen na Lübeck zikiwa miji huru. Mojawapo ya zile ndogo iliitwa Waldeck na Pyrmont. Eneo lake lote lilikuwa kilomita za mraba zipatazo 1,120, yaani takriban mara mbili ya Kaunti ya Vihiga, na sensa ya mwaka 1910 ilihesabu watu wasiozidi 62,000, ilhali Vihiga ilikuwa na watu 590,013 katika sensa ya 2019. Tena halikuwa eneo moja lililoungana. Waldeck yenyewe ilikuwa nchi ya vilima na misitu kaskazini mwa lile ambalo leo ni jimbo la Hesse, na Pyrmont, mji wa chemchemi za maji ya madini ambako hata Peter Mkuu wa Urusi alikwenda kujitibu mwaka 1716, ulikuwa mbali kaskazini, umezungukwa na nchi za watu wengine. Katika baraza la muungano Waldeck ilikuwa na kura moja. Prussia, nchi kubwa kuliko zote katika muungano huo, ilikuwa na 17.

Ukoo uliotawala hapo ulichukua jina la ngome ya Waldeck, iliyo juu ya mto Eder, tangu karne ya 12. Kwa miaka mingi walikuwa makabaila wa kawaida, wakigawana urithi na kuunganisha tena matawi yao, hadi mwaka 1712 Kaizari Karl VI, mkuu wa Dola Takatifu ya Kirumi iliyotangulia ile ya 1871, alipompandisha daraja Friedrich Anton Ulrich na kuifanya nchi yake ihesabiwe pamoja na tawala za hadhi ya juu zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo ujenzi wa kasri jipya ulikuwa umeanza katika mji wa Arolsen, kwa kuiga kasri la Versailles la mfalme wa Ufaransa. Nchi yenye wakulima wachache na udongo usio na rutuba nyingi ilibeba kasri la kuigiza Versailles, na hapo ndipo hesabu zilipoanza kwenda kombo.

Njia mojawapo ya kupata fedha ilikuwa kukodisha vijana wa nchi kwa majeshi ya kigeni. Msomaji mwenzangu aliyetaja malezi ya baba angepaswa kuitazama sura hii. Mwaka 1776, wakati wa Friedrich Karl August, Waldeck ilitia saini mkataba na Uingereza wa kutoa kikosi cha askari wapatao 670 kwenda kupigana na Wamarekani waliokuwa wakidai uhuru. Vijana hao, wengi wao wakiwa hawajapata kuiona bahari, walipigana karibu na New York, kisha wakapelekwa kusini hadi Florida ya Magharibi, ambako baadhi walitekwa na Wahispania huko Baton Rouge mwaka 1779 na wengine Pensacola mwaka 1781. Malipo ya mkataba yaliingia katika hazina ya mtawala wao, si mifukoni mwa wazazi waliowatoa. Vikosi vingine vya Waldeck vilitumikia Uholanzi kwa miongo mingi, na kimoja kilifika katika bara letu. Mnamo Januari 1806, Waingereza waliposhuka karibu na Cape Town, batalioni ya Waldeck ilikuwa katika safu ya Jenerali Janssens wa Uholanzi kwenye pigano la Blaauwberg, na mizinga ilipoanza kunguruma ilivunja safu ikakimbia. Wanahistoria wa kijeshi wameisimanga sana kwa hilo. Mimi sioni kwa nini kijana wa Korbach, mji wa Waldeck, angekufa katika mchanga wa Afrika Kusini kwa ajili ya deni la Arolsen.

Madeni hayakuisha. Ilipofika mwaka 1867, Prussia ilipokuwa ikiunda Shirikisho la Ujerumani Kaskazini, Waldeck ilitambua kwamba haikuweza kubeba gharama za uanachama, hasa za jeshi, bila kuwafilisi walipa kodi wake. Mtawala wa wakati huo, Georg Viktor, alitia saini mkataba mwezi Julai mwaka huo, na kuanzia tarehe 1 Januari 1868 utawala wa ndani ukawa mikononi mwa Prussia. Afisa aliyeteuliwa na mfalme wa Prussia alikwenda Arolsen kuendesha serikali, na Prussia ikaziba pengo la bajeti. Georg Viktor alibaki na cheo, na usimamizi wa kanisa, na haki ya kusamehe wafungwa. Zaidi ya hayo alibaki na mapato ya mashamba na misitu iliyohesabiwa kuwa ya nyumba yake.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Nyumba ya Waldeck ilikabidhi mzigo wa kuendesha nchi ikabaki na misitu. Misitu hiyo ilikuwa ya nani? Ya ukoo, kwa sababu mababu zao waliimiliki kama makabaila? Au ya nchi, kwa sababu kwa karne nyingi mapato yake ndiyo yaliyopaswa kugharamia serikali? Mtawala na nchi walipokuwa kitu kimoja hapakuwa na haja ya kuuliza. Walipotengana, kila mti ukawa na walalamishi wawili.

Katikati ya hayo yote ukoo huo ulistawi kwa njia nyingine, nayo ni ndoa. Emma, binti wa Georg Viktor, aliolewa mwaka 1879 na Mfalme Willem III wa Uholanzi, aliyemzidi umri kwa miaka 41. Mfalme alipofariki mwaka 1890 binti yao Wilhelmina alikuwa na umri wa miaka kumi tu, na Emma akashika madaraka ya Uholanzi kwa niaba yake hadi mwaka 1898. Waholanzi wanamkumbuka kwa heshima, na ninaamini anastahili. Dada yake Helena aliolewa mwaka 1882 na Leopold, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza. Kwa hiyo nyumba isiyoweza kumlipa karani wake bila msaada wa Prussia ilikuwa na mabinti katika ikulu mbili za Ulaya. Fahari ya ukoo na hali ya hazina ya nchi ni mambo mawili, na pendekezo la msomaji mwenzangu linayachanganya.

Mwenye mamlaka halisi alionekana wazi bondeni. Kati ya mwaka 1908 na 1914 Prussia ilijenga bwawa kubwa kwenye mto Eder, chini ya ile ngome ya kale, ili kuongezea maji mto Weser na mfereji wa Mittelland. Vijiji vya Asel, Berich na Bringhausen viliachwa vizame, na wakazi wake wakahamishiwa kwingine. Mpaka leo, maji yanapopungua sana mwishoni mwa kiangazi, misingi ya nyumba za Berich hujitokeza katika tope, na daraja la zamani la Asel huonekana likiwa zima, watu wakashuka na kulivuka kwa miguu. Wenzetu waliohamishwa kupisha mabwawa hapa Kenya hawahitaji maelezo zaidi.

Novemba 1918 mapinduzi yaliwaondoa watawala wote wa Ujerumani, na Friedrich wa Waldeck akaondoka pamoja nao. Pyrmont iliunganishwa na Prussia mwaka 1922. Waldeck iliendelea kama jamhuri ndogo hadi tarehe 1 Aprili 1929, nayo ikamezwa na Prussia. Lakini katika kumezwa huko wajumbe wa Waldeck walifanya jambo la busara ambalo ningependa madiwani wetu walisome. Misitu na mashamba yaliyokuwa ya utawala wa zamani hayakukabidhiwa Berlin. Yaliwekwa chini ya mamlaka maalumu ya wilaya za Waldeck zenyewe, na hadi leo maelfu ya hekta ya misitu hiyo yanamilikiwa na wilaya ya Waldeck-Frankenberg, ambayo kwa lugha yetu ya ugatuzi tungeiita kaunti. Kasri la Arolsen, kwa upande mwingine, liko chini ya wakfu wa familia, na familia bado inaishi katika sehemu yake huku wageni wakitembezwa katika kumbi nyingine. Kila upande unajua kilicho chake.

Faida ya mpaka huo ilionekana upesi kuliko yeyote alivyotarajia. Mwaka uleule wa 1929, mrithi wa ukoo, Josias, alijiunga na chama cha Hitler, na mwaka uliofuata akaingia katika SS, kikosi cha silaha cha chama hicho, ambamo alipanda hadi cheo cha jenerali. Eneo lililokuwa chini yake kama mkuu wa SS na polisi lilijumuisha kambi ya mateso ya Buchenwald. Mwaka 1947 mahakama ya kijeshi ya Marekani ilimhukumu kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka 1950 kwa sababu za afya na akafa mwaka 1967. Wapo waliomtangulia katika nyumba hiyo waliokuwa watu wa maana, na Emma ni mmoja wao. Lakini urithi hauchagui, na sheria inayofunga fedha za umma kwenye ukoo fulani inamlipa yeyote atakayezaliwa humo. Watu wa Waldeck walikuwa wameshaitoa misitu yao katika urithi huo kabla Josias hajawa mkuu wa nyumba.

Wageni wanaokwenda Arolsen leo hawaendi kutazama kasri peke yake. Baada ya vita, mji huo ambao haukubomolewa sana, na uliokuwa na majengo ya askari wa SS yaliyobaki tupu, ulichaguliwa kuwa makao ya huduma ya kutafuta watu waliopotezwa na Wanazi. Nyaraka zake, zipatazo milioni 30, ziliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mji wa ukoo uliomtoa Josias ndio unaotunza majina ya waliopita katika kambi kama ile ya Buchenwald, na historia zote mbili zinasimuliwa hapo bila moja kuifunika nyingine.

Sasa nirudi kwetu. Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alimpokea mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson mwaka 1883, akashirikiana na Waingereza walipoweka kituo chao hapa, na mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu. Alifariki mwaka 1949. Kwa wengi wetu wa Wanga hiyo ni fahari, na ni haki yetu. Kwa majirani zetu Wabukusu, mwaka 1895 unamaanisha ngome za Lumboka na Chetambe, zilizovunjwa na Waingereza kwa msaada wa askari wa Wanga, na mawakala waliotumwa baadaye kutoka Mumias kuwatawala watu wasiowachagua. Kaunti ikimlipa mrithi wa kiti hicho, mlipa kodi Mbukusu wa Lugari au Likuyani ana haki ya kuuliza analipia nini, na jibu la kwamba hata Wajerumani walifanya hivyo halitamtosha, kwa sababu, kama nilivyoonyesha, Wajerumani wa Waldeck waliishia kufanya kinyume chake.

Ombi langu kwa bunge la kaunti, iwapo hoja hiyo itafikishwa mbele yake, ni kwamba lisianze na kiwango cha marupurupu. Lianze na daftari. Liorodheshe kiwanja cha Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kule Matungu, makaburi ya wafalme, vifaa vya enzi vilivyohifadhiwa, na kila kipande cha ardhi kinachodaiwa kwa jina la kiti, na mbele ya kila kimoja liandike kama ni cha nyumba ya kifalme, cha ukoo mzima wa Abashitsetse, au cha umma wa Kakamega, pamoja na hatimiliki inayothibitisha. Wazee wa nyumba hiyo waitwe watoe ushahidi wao hadharani, na wazee wa jamii jirani nao waitwe. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati wazee wanaokumbuka mipaka bado wako hai kuionyesha kwa mkono.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Mumias, Kaunti ya Kakamega.