Kijana aliyeazimwa deraya

Lisbon, 14 Agosti

Kwa ndugu yangu Salim,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, kazi zinakwenda, na joto la mwezi huu linanikumbusha Mombasa kila nikifungua dirisha. Barua yako niliipata wiki jana na nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama mtu anaweza kukaa karibu na mkubwa, akala mezani pake, na bado akabaki na ulimi wake mwenyewe. Nilitaka kukujibu siku ile ile nikashindwa, sikuwa na la maana la kusema. Leo ninalo.

Juu ya kilima kimoja hapa mjini kuna kanisa lisilo na paa, linaitwa Carmo. Matao yake ya mawe bado yamesimama, na ukiinua kichwa unaona mbingu tupu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 ndilo lililoliangusha. Aliyeanza kulijenga, mwaka 1389, alikuwa kabaila mmoja jina lake Nuno Álvares Pereira. Nimezoea kwenda pale siku zangu za mapumziko, na kila nikirudi natafuta kusoma zaidi habari zake. Ndiye ninayetaka kukusimulia.

Alizaliwa 1360, mtoto wa nje ya ndoa. Baba yake alikuwa mtu mzito, mkuu wa watawa-askari wa Crato, na mtoto alipofika miaka 13 akampeleka kwa Mfalme Fernando wa Ureno. Hapo akawekwa chini ya Malkia Leonor Teles, na malkia mwenyewe akataka kumvika heshima ya shujaa wa farasi. Ila deraya, yaani vazi la chuma la vitani, ya kumtosha kijana mdogo kama yule haikuwepo. Ikatafutwa kasri zima hadi ikapatikana moja, ya João, ndugu yake mfalme kwa baba, ambaye naye alizaliwa nje ya ndoa, na ujana wake wote alikuwa mkuu wa mashujaa-watawa wa Avis. Nuno akaazimwa. Siku ile hakuna aliyejua kwamba mwenye deraya atakuwa mfalme na aliyeiazima atakuwa amirijeshi wake. Kila nikilifikiria jambo hili mwili unanisisimka.

Basi akakulia pale, akaozwa mjane tajiri akiwa na miaka 16, akajua adabu zote za kasri. Lakini angalia alivyokuwa. Mwaka 1383 binti wa pekee wa ndoa ya Fernando aliolewa na mfalme wa Castile, nchi jirani iliyokuwa ikiitamani Ureno. Wasimulizi wa kale wanasema kwamba kwenye karamu ya harusi Nuno na nduguye walikuta meza yao imekwisha kukaliwa na watu wengine, na hakuna aliyejali kuwapa nafasi. Nuno akaipiga meza miguu, ikaanguka na vyakula vyake, akatoka taratibu. Mfalme wa Castile alipoona akasema kwamba aliyethubutu hivyo mbele yake atathubutu na makubwa zaidi. Mimi sikusifii kupindua meza za watu, Salim, unanijua. Nakuonyesha tu kwamba uwoga wa kasri haukumwingia.

Oktoba mwaka huo huo Fernando akafa. Malkia akashika utawala, pembeni yake yupo kipenzi chake, kabaila Andeiro, na nyuma yao mkwe wa Castile anangoja mlangoni. Tarehe 6 Desemba João akaingia kasrini, akamuua Andeiro. Lisbon ikasimama upande wake. Nuno, wakati huo ana miaka 23, akaja kumfuata.

Hapa ndipo pananiuma. Baadhi ya ndugu zake walikwenda upande wa Castile. Mama yake, Iria Gonçalves, alitumwa kuja kumgeuza mwanawe, na inasimuliwa kwamba baada ya kuzungumza naye ni yeye mama aliyegeuka, akamwambia amtumikie João kwa uaminifu. Lakini kaka yake Pedro hakugeuka. Tarehe 6 Aprili 1384, kwenye uwanja wa Atoleiros, Nuno alipanga watu wake kwa miguu dhidi ya wapanda farasi wa Castile, na Pedro alikuwa miongoni mwa makamanda wa upande wa pili. Nuno akashinda. Mwaka mmoja baadaye, siku kama ya leo, 14 Agosti 1385, walikutana tena Aljubarrota. Jeshi la Wareno lilikuwa kama watu elfu saba tu, pamoja na wapiga mishale wa Kiingereza, na adui alikuwa mara kadhaa ya hao. Walichimba mashimo na kuweka vizuizi mbele yao, na mashimo hayo wachimbuaji wa mambo ya kale waliyakuta miaka karibu mia sita baadaye. Jua lilipozama Castile ilikuwa imevunjika. Pedro alikufa pale, na Diogo, kaka mwingine, hakurudi hai. Ushindi wake mkubwa kuliko wote ndio uliompa misiba miwili ya damu moja.

Lakini la kukujibu wewe limo siku chache kabla ya vita hivyo. João alikuwa amekwisha kuchaguliwa mfalme kwenye baraza la Coimbra mwezi Aprili, na Nuno akapewa uamirijeshi. Walipokutana Abrantes kushauriana, wakubwa wengi walisema adui asikabiliwe uso kwa uso. Nuno alisema lazima akabiliwe, vinginevyo Lisbon itapotea. Maneno yakawa mengi. Alipoona hayaishi, akachukua watu wake akaondoka kuelekea Tomar bila ruhusa. Mfalme akatuma wa kumrudisha. Akajibu kwamba yeye ameshaamua kwenda kumzuia adui, na mfalme akipenda amfuate. Na mfalme akamfuata! João alikuwa na kila sababu ya kumwita mwasi, ila alimjua tangu utoto na alijua kwamba haondoki kwa kiburi.

Wala usidhani waliishi kama asali na maziwa. Baada ya vita Nuno alikuwa tajiri mno, kabaila mwenye cheo cha Conde: wa Ourém, wa Barcelos, wa Arraiolos. Akaanza kugawa ardhi kwa wenzake waliopigana naye, nao wakawa watu wake. Mfalme akaona hatari, akataka ardhi irudi mikononi mwa taji. Nuno alikasirika mpaka akakusanya watu na kuanza safari ya kuihama nchi. Wajumbe wakaenda na kurudi hadi wakapatana, na kwa sehemu kubwa mfalme ndiye aliyepata alichotaka. Mimi hapo naona mfalme alikuwa na haki. Nchi haiwezi kuwa na mabwana wawili wa watu wale wale. Hata mwaminifu kama Nuno aliweza kusahau mpaka wake, na ingefaa awepo wa kumwambia.

Mwaka 1401 wakaunganisha damu: Beatriz, binti pekee wa Nuno, aliolewa na Afonso, mtoto wa mfalme wa nje ya ndoa. Hapo ndipo ukaanza ukoo wa Braganza, ulioshika ufalme wa Ureno kuanzia 1640. Pedro wa Pili, aliyekuwa akitawala siku Waomani walipoiteka Ngome yetu ya Mombasa, Desemba 1698, alitoka katika ukoo huo. Na Isabel, malkia mashuhuri wa Castile, ni kilembwe wa Nuno. Damu ya aliyeipiga Castile ikaja kukaa kwenye kiti cha Castile.

Yeye mwenyewe hakukaa kungoja hayo. Mwaka 1415 alikwenda na mfalme kupigana Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini, na mwaka 1423 akagawa vyeo na mashamba kwa wajukuu, akaingia Carmo kama mtumishi wa kawaida wa watawa, akiwagawia masikini chakula. Akafia humo mwaka 1431. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu.

Leo asubuhi nilikuwa pale tena. Kaburi lake liliharibika kwenye tetemeko, kwa hiyo hapakuwa na la kuzuru. Nilikaa chini ya matao nikasoma barua yako mara ya nne, pale ulipoandika kwamba mkubwa huyo amekuita ofisini na kukuahidi gari na nyumba. Hukuandika kama umewahi kumpinga kwa jambo lolote, nawe unamjua tangu mkiwa madrasa. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulijua. Niandikie kabla hujampa jibu.

Msalimie sana mama, na watoto wape salamu zangu.

Ni mimi nduguyo,
Abdalla