Karatasi ya AI isipelekwe barazani kabla haijaangaliwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie hizi AI za kuandika na kujibu maswali, wengine wanaita akili mnemba wengine akili unde, mi naona jina sio shida, shida ni tulivyoaminishwa kwamba inajua kila kitu. Nina steshenari hapa Korogwe, natoa kopi, nataipu barua, nawajazia watu fomu, kwahiyo karatasi nyingi za watu zinapita mkononi kwangu kabla hazijafika ofisini, na siku hizi naona kitu ambacho kinaniumiza sana.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja mtu mzima, mjane, ana mgogoro wa shamba, jirani yake kang'oa minyaa ya mpakani kaingia ndani kama hatua kumi na mbili kapanda mihogo. Nikamwamkia, akanipa simu akasema niprintie hii mwanangu, mjukuu wangu yuko Dar kaniandikia kwa AI, kila kitu kimo humo. Nikafungua WhatsApp nikakuta barua ya kurasa mbili, Kiswahili kimenyooka kuliko hata mimi ninayeandika barua kila siku, "Yah" imekaa mahali pake, aya zimepangwa, inaliomba Baraza la Kata litoe hukumu kwakuwa thamani ya eneo haizidi shilingi milioni tatu, na chini imetaja kifungu cha 94 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Sasa hapo jirani na duka langu huwa anakaa msaidizi wa kisheria, hawa waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nikamuonyesha. Akaisoma akatikisa kichwa. Kwanza hiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji haifiki hata vifungu 70, hicho cha 94 kimetoka wapi? Pili hiyo milioni tatu ilikuwepo zamani kweli, lakini tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu, wakishindwa kuwapatanisha wanaandika kwamba imeshindikana ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yaani mama angepanda bodaboda na barua yake nzuri akaenda kuomba kitu ambacho pale hakitolewi, akarudishwa, akaona kanyimwa haki.

Nikamuomba mama tumuulize mjukuu aiulize tena hiyo AI kuhusu kifungu cha 94, kijana akauliza akatutumia picha ya majibu. Ikasema samahani, uko sahihi, nimekosea, kifungu sahihi ni hiki, ikataja kingine, namba nyingine kabisa, kwa sauti ileile ya uhakika. Msaidizi akafungua sheria yenyewe kwenye simu yake, hicho kifungu kipo lakini kinaongelea mambo mengine, hakihusiani na mpaka wa shamba hata kidogo.

Na hili jambo sio la Korogwe peke yake wala sio la watu wasiosoma. Mwaka 2023 kule New York mawakili waliobobea walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazijawahi kutokea duniani, kesi ilikuwa ya abiria anayeidai shirika la ndege la Avianca kwamba kitoroli cha chakula kilimgonga goti, wakili mmoja alitafuta kesi za mfano kwa AI inayoitwa ChatGPT, na alipoiuliza hizi kesi ni za kweli ikamjibu ndiyo. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Mtu kasomea sheria, ana miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi, kadanganyika, sembuse mama yangu huyu na mjukuu wake?

Naomba nieleze nilivyoelewa inavyofanya kazi, sababu nadhani watu wangeelewa hili wasingepotea. Hii mashine imelishwa maandishi mengi mno ya watu, ikajifunza baada ya neno hili huwa linafuata neno gani. Ukiuliza haiendi kufungua kitabu cha sheria, inapanga maneno yanayofanana na jibu. Kwenye barua za ardhi baada ya maneno "kwa mujibu wa kifungu cha" huwa inakuja namba, basi na yenyewe inaweka namba. Haikusudii kudanganya maana haijui kwamba huu ni ukweli na huu sio, kwake vyote ni maneno yanayoelekea kufuatana. Siku hizi zipo zinazoweza kutafuta mtandaoni kwanza kabla ya kujibu, hizo zina nafuu, lakini hata zenyewe zinaweza kuokota ukurasa wa zamani, na mtandaoni habari za Baraza la Kata la kabla ya 2021 zimejaa tele.

Kuna na suala la lugha. Kampuni ya OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, ilipotoa AI yake ya GPT-3 mwaka 2020 yenyewe ilieleza kwamba katika maneno iliyofundishiwa kama asilimia 93 yalikuwa ya Kiingereza, lugha zingine zote za dunia zikagawana kilichobaki. Zilizokuja baadae zinaongea Kiswahili vizuri zaidi nakubali, ila ukikaa nazo unaona kwamba kichwani bado zinafikiri Kizungu. Mwalimu mmoja aliniletea tangazo la kikao cha wazazi alilotafsiriwa na AI, limeandikwa kikao kitaanza saa 2 mchana. Saa mbili mchana ndo saa ngapi? Kwa Kizungu ni mbili, kwetu ni saa nane. Hilo tulilishika tukarekebisha, je ingekuwa ni maelekezo ya dawa, mtu kaandikiwa ameze saa 2?

Mhariri mi sio adui wa AI, naitumia, nataka niwe mkweli hapo. Barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza inanisaidia mno, kijana anakuja hajui aanzie wapi, tunaipa maelezo yake inapanga, tunasoma, tunafuta sifa ilizomuongezea ambazo hana (hili nalo inafanya sana, kijana kauza duka miezi mitatu inaandika meneja), inatoka safi. Pale ambapo mimi mwenyewe najua ukweli na yenyewe inanisaidia maneno, kazi inaenda. Inapoharibika ni pale ambapo ukweli sina, naenda kuutafuta kwake, na jibu likija limevaa suti nashindwa kulikagua.

Na nawaomba wanaosema watu ni wajinga wanaamini kila kitu waache kusema hivyo. Nimeshaongea na hawa wateja. Wanaiuliza mashine sababu inajibu saa sita usiku, haiombi nauli ya kwenda wilayani, haimfokei mtu kwamba njoo kesho afisa hayupo, na inaeleza kwa Kiswahili anachokielewa. Mtu amezungushwa ofisini mara nne, ya tano akipata kitu kinachomsikiliza mpaka mwisho na kumjibu kwa heshima, atakiamini, hata mimi ningekiamini. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi sheria zote zinazomgusa mwananchi moja kwa moja, ardhi, mirathi, ndoa, kazi, ziwekwe zote kwa Kiswahili, zilizo na mabadiliko ya karibuni, mahali pa wazi ambapo mtu anafungua bure kwa bando la mia tano. Na hao wasaidizi wa kisheria wawezeshwe, huyu wa kwetu anajitolea, anakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, akiugua hatuna mwingine.

Wenye hizi AI nao wasijifiche nyuma ya kale kaandishi kadogo cha chini kanachosema inaweza kukosea. Hicho kaandishi mama hakukiona, alichotumiwa ni maneno yaliyokopiwa yakabandikwa WhatsApp. Kama haina uhakika na kifungu ingesema humohumo ndani ya barua kwamba namba hii sijaithibitisha, kaiangalie kwanza. Na nyie waandishi wa habari mtusaidie, kichwa cha habari "AI yathibitisha" sijui nini mkiache, imethibitisha wapi? Mkitangaza inavyofaulu mitihani mtangaze pia na watu walioumia.

Sisi wenye steshenari tuna sehemu yetu. Kuanzia siku ile mtu akileta barua ya AI yenye kifungu cha sheria, tarehe au kiasi cha pesa, namuuliza hiki umekihakiki wapi, na kama hajahakiki simprintii mpaka tumuonyeshe anayejua. Wapo waliokasirika wakaenda duka la pili, sawa.

Yule mama tulikaa naye tukaandika upya, ukurasa mmoja tu. Nilimuuliza mambo ambayo mashine isingeweza kuyajua, mumewe alipewa shamba mwaka gani na nani, minyaa ilipandwa lini, nani alikuwepo. Akakumbuka majirani wawili waliosaidia kuipanda, mmoja bado yuko hai, anakaa ng'ambo ya mto. Tukaweka jina lake, tukaweka zile hatua kumi na mbili, tukaomba usuluhishi. Ameitwa Alhamisi ijayo.

Mwenye steshenari,
Korogwe, Tanga