Mwaka wa nne hatuna

Busia, Ijumaa usiku

Zaituni mwanangu,

Salaam kwako, kwa shangazi yako na wote hapo Jinja. Jana uliniambia kwa simu, "Mama, maina nitachagua nikifika chuo," halafu mvua ikaanza kupiga mabati nikakupoteza. Usingizi haukuja. Maina, yaani somo la pili baada ya lile kuu, haichaguliwi na mtu aliyesimama foleni na begi mgongoni, akimuuliza wa mbele yake amejaza nini. Ndiyo maana nakuandikia. Barua nimeiweka juu ya mukene, yaani dagaa, ndani ya mfuko wa nailoni niliompa dereva, uisome kabla ya Jumapili.

Nitakalosema ni moja na nitalirudia mpaka uchoke: shahada yako ni ya miaka mitatu, mwaka wa nne hatuna.

Jiografia ndiyo somo lako kuu, yaani meja, hilo limepita. Nani aliyesukuma liwe jiografia tusilizungumze leo, maadamu ramani sasa unazipenda mwenyewe. Kilichobaki ni kuacha moja kati ya uchumi na Kiswahili, na wewe unataka kuacha Kiswahili. Sina ugomvi na uchumi. Ofisi ya mipango ya wilaya inamtaka mtu anayejua barabara ipite wapi na pia mahindi ya upande ule yanauzwaje. Lakini matokeo yako ninayo hapa mezani: uchumi 54, kisha 51. Kiswahili 68, kisha 66. Uliniambia umepita yote. Kweli, hamsini ndiyo mstari. Sasa shika kalamu.

Tuseme semesta moja ya mwaka wa pili una kozi tatu za jiografia zenye krediti 4 kila moja, na mbili za maina zenye krediti 3; krediti ndiyo uzito wa kozi. Jumla 18. Jiografia ukipata 72 kote, ni pointi 4.0, mara 12 ni 48. Maina ukibaki kwenye 52, ni pointi 2.0, mara 6 ni 12. Jumla 60, gawanya kwa 18, unapata 3.33. Daraja la pili la juu linaanzia 3.60. Sasa ipandishe maina hadi 62, yaani pointi 3.0: 48 na 18 ni 66, gawanya kwa 18, ni 3.67. Umeingia. Somo unaloliita dogo ndilo lililokutoa au kukuingiza. Udogo wake ni wa idadi ya kozi tu. Kwenye kugawanya, krediti ya maina na krediti ya meja zina uzito mmoja.

Na hiyo ni kama umepita. Ukianguka, kozi hairudiwi siku unayotaka wewe. Inarudiwa inapofundishwa tena, na nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukianguka ya semesta ya pili mwaka huu, utaikuta semesta ya pili mwakani, ukiwa tayari na mzigo kamili wa mwaka wa tatu, na ratiba ya mwaka wa pili haikupangwa kwa ajili ya mtu wa mwaka wa tatu. Utakuta riteki yako, yaani hiyo kozi ya kurudia, iko saa ileile na kozi ya lazima. Ukianguka ya semesta ya mwisho, wenzako watavaa majoho na wewe utasubiri mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja ya krediti 3. Chumba cha hosteli utalipia, chakula utakula, ada ya riteki utatoa. Mwaka wa nne ndio huo, na hatuna.

Uchumi wa mwaka wa pili si ule wa kuchora mistari miwili ikakutana. Unaingia kalkulasi, kisha takwimu, na wewe hesabu uliiacha kwenye sabusidiari, lile somo dogo la kidato cha sita. Akili unazo, sikuzaa mjinga, ila mkono wako umelala. Kama bado unautaka, nenda Jumatatu idarani, omba karatasi za mitihani ya mwaka wa pili za miaka mitatu iliyopita, ukae na swali la kwanza la kila moja. Hutakiwi kulijibu. Ukielewa tu linauliza nini, beba uchumi, na wiki mbili za mwanzo uzitumie kwa kalkulasi kabla ya starehe za Wandegeya, huo mtaa wa jirani na chuo. Usipoelewa, umeshajibiwa.

Wala usidhani Kiswahili ni cha bure kwa sababu ndicho tunachogombana nacho nyumbani. Kiswahili chetu cha mpakani cha "kitabu yangu" na "watu kubwa" kitakukata alama kila ukurasa. Kuna fonolojia na mofolojia, kuna tafsiri, kuna shairi la kuhesabu vina na mizani. Lakini 68 imeonyesha unaweza. Tangu mtaala mpya wa 2020, Kiswahili ni lazima kidato cha kwanza na cha pili, na shule zinatafuta walimu. Usikimbilie hapo lakini: B.A. haikufanyi mwalimu. Utahitaji diploma ya uzamili ya ualimu juu yake, nayo ina ada yake. Tafsiri ni njia nyingine, na hapa Busia mtu anayeandika barua ya mzigo kwa Kiswahili safi na Kiingereza safi halali njaa.

Lolote utakaloamua, omba muundo wa programu wa idara zote mbili, mwaka wa pili na wa tatu pamoja. Weka alama kwenye kozi za lazima na zile zinazotaka uwe umepita nyingine kwanza. Halafu chora ratiba zote mbili kwenye karatasi moja. Idara mbili hazipangi ratiba zikiwa zimekaa meza moja, kwa hiyo mgongano utaukuta wewe. Angalia hasa mazoezi ya ramani za kompyuta: krediti moja ni saa 15 za darasani kwa semesta, lakini saa mbili za mazoezi huhesabiwa kama moja, kwa hiyo kozi ya krediti 4 yenye mazoezi inakula mchana wako kuliko inavyoonekana. Ziara ya uwandani nayo inaweza kuangukia wiki ya jaribio la maina, na yule mhadhiri wa maina hana habari na ziara yenu.

Ukijisajili kwenye ACMIS, ule mfumo wa kompyuta wa chuo, soma msimbo wa kila kozi herufi kwa herufi. Kuna kozi za majina yanayofanana. Ukibeba ya idara nyingine, utasoma, utafaulu, na maina itabaki na pengo. Faili za namna hiyo nimezipanga mimi kwenye kabati miaka mingi, wengi waligundua mwezi wa kuhitimu. Chapisha fomu, uniletee nakala.

Ada safari hii iko tayari. Ile ya kuchelewa kujisajili Februari, ukakosa jaribio la kwanza la uchumi, najua 51 haikuwa yako peke yako. Mabati yalikuwa yamefika na fundi anadai. Basi.

Idi yuko kidato cha nne, anataka kikokotoo chako; mtumie na dereva yuleyule, ukifunge kwa kitambaa. Yaka, umeme wa kulipia kabla, inakwisha haraka mno tangu baba yako anunue friji, na ndani kuna maji tu. Karanga nimesaga kilo mbili, moja ni ya shangazi, usimpunje. Na blanketi la kijivu ulisema ulilisahau hosteli. Hukulisahau, liko chini ya kitanda chako hapa, limejaa manyoya ya paka. Nitalifua kesho jua likiwaka.

Mama yako